Tuzo ya Mwalimu Xaveria

Habari ya tuzo ilimkuta Xaveria kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Ulikuwa mwisho wa mwaka 1982, na siku hizo pale Babati mtu akisikia duka la ushirika limepokea mzigo hakuuliza mzigo gani. Alichukua mfuko akakimbilia mstari. Xaveria alikuwa amesimama tangu kengele ya mapumziko, vidole vyake bado vina chaki, mara pikipiki ya Padri Anselmi ikaja kusimama ukingoni mwa barabara. Padri hakuzima hata injini.

"Mwalimu! Wamekuchagua!" alipaza sauti. "Wimbo wako umeshinda!"

Foleni nzima iligeuka. Mama mmoja aliyekuwa nyuma akadhani mwalimu amechaguliwa kupewa unga kabla ya wenzake, akaanza kulalamika kwamba na yeye ana watoto. Wengine wakamuunga mkono. Ilibidi Xaveria atoke mstarini kwenda kumsikiliza padri, na aliporudi nafasi yake ilikuwa imeliwa. Siku hiyo walilala kwa viazi.

Alikuwa na miaka ishirini na saba. Kwao kulikuwa Kainam, huko juu Mbulu, kwenye baridi na ukungu, mahali ambapo wanawake wanaokata majani ya ng'ombe huitana kutoka kilima kimoja hadi kingine, huyu akimalizia neno la yule. Masista waliomsomesha walimfundisha nota, na chuoni alikosomea ualimu alikutana na mkufunzi mzee aliyekuwa mkali kuhusu sauti nne kama wengine walivyo wakali kuhusu hesabu. Alipopangiwa shule ya msingi pale Nangara, kando ya mji wa Babati, alikuwa tayari ana nyimbo zake kadhaa. Kwaya ya parokia ikampokea kwa mikono miwili. Akaolewa na Marseli, karani wa duka la ushirika, mtu mpole, nadhifu wa mavazi, asiyependa ugomvi hata wa kuku. Wakampata Otilia.

Wimbo wenyewe uliitwa "Bonde Linaitika". Aliutunga kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, na ndani yake sauti ya kwanza ilikuwa ikiita na sauti ya pili ikiitika kwa mbali, kama wale wanawake wa Kainam, hadi sauti za wanaume, tena na besi, zinapoingia chini yao kama ardhi inayotikisika. Padri Anselmi, Mwitaliano aliyeishi Babati miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa na lafudhi ya Kiiraqw, aliurekodi kwa redio kaseti yake, akaomba na karatasi ya nota. Huko kwao kulikuwa na chama cha wanamuziki ambacho kila mwaka kiliwaita watunzi vijana kutoka nchi mbalimbali, walio chini ya miaka thelathini, na kuwatuza mbele ya watu. Alituma bila kutegemea mengi. Xaveria alikuwa hata amesahau.

Jioni ile Marseli aliposikia, alitabasamu.

"Ulaya," alisema. "Mke wangu."

"Nauli wanalipa wao. Kula na kulala ni juu yao. Padri atashughulikia pasi."

"Utarudi?"

Xaveria alicheka. "Baba Otilia! Nikuachie mtoto na foleni?"

Marseli naye alicheka, lakini aliuliza tena mara ya pili kabla hawajazima kibatari.

*

Aliondoka Februari, amevaa koti zito aliloazimwa na sista mmoja wa misheni. Huko alipokelewa na Sista Dorothea, Mchaga wa Kibosho aliyekuwa masomoni Italia, ambaye ndiye angemtafsiria. Siku za kwanza Xaveria hakusema mengi. Alishangaa maji ya moto yanayotoka ukutani, na zaidi alishangaa kwamba kila asubuhi mtu aliingia chumbani mwake na kuweka kipande kipya cha sabuni, kidogo kama kiberiti, kimefungwa kwenye karatasi ya maua, hata kama cha jana hakijaguswa. Kwao watu walikuwa wanafua kwa majani ya mpapai. Akaacha kuzitumia. Kila asubuhi aliificha ile mpya sandukuni na kuendelea kuoga na ileile ya siku ya kwanza.

Washindi wenzake walikuwa vijana kutoka pembe nyingi za dunia. Aliyemzoea zaidi alikuwa msichana wa Poland, ambaye kwa ishara na maneno machache ya Sista Dorothea alimweleza kwamba hata kwao watu hupanga foleni, ya nyama. Walicheka mpaka machozi, wawili hao, katikati ya ukumbi wa chakula uliojaa nyama. Msichana huyo ndiye aliyegundua habari ya sabuni. Hakumcheka. Alizungumza na wenzao, na siku ya mwisho kila mmoja akamletea Xaveria zake, mfuko ukajaa.

Hafla ilifanyika kwenye ukumbi wenye dari lililochorwa malaika. Watu walivaa nguo nyeusi. Xaveria alivaa kitenge alichoshonewa na wanakwaya, na alipoketi mstari wa mbele alijisikia sawa kabisa, hakuwa na hofu. Alijua kazi yake ni nzuri.

Kijana wa Korea aliitwa kwanza. Mwongozaji wa hafla, bwana mrefu mwenye tai ya kipepeo, alimuuliza jukwaani kuhusu utunzi wake: amejifunza kwa nani, kwa nini sauti zinapishana vile, anafikiria nini anapoandika. Msichana wa Poland naye aliulizwa hivyohivyo. Kisha likaitwa jina la Xaveria, na yule bwana akaanza kuzungumza na watu huku akimwelekeza mkono. Watu wakatoa sauti ya upendo, ile inayotolewa mbele ya mtoto mchanga.

"Amesema nini?" Xaveria alinong'ona.

Sista Dorothea alisita. "Amesema unatoka kijijini chini ya mlima. Amesema hukusoma muziki popote. Nyimbo zinakujia zenyewe, kama ndege."

"Mwambie nimesoma."

"Dada..."

"Mwambie nimesoma nota tangu nina miaka kumi na miwili. Mwambie wimbo huu nimeuandika na kuufuta mwaka mzima."

"Tabasamu tu, dada yangu," alisema Dorothea kwa upole, na macho yake yalionyesha kwamba na yeye alikuwa ametabasamu mara nyingi katika nchi ile. "Wanakupenda. Waache wakupende hivyo wanavyojua."

Yule bwana hakumuuliza swali lolote kuhusu utunzi. Alimwomba apige vigelegele. Xaveria alitazama ukumbi, akatazama malaika wa darini, akapiga. Watu walisimama wote, wakapiga makofi kuliko walivyowapigia Mkorea na Mpoland pamoja. Alirudi kwenye kiti chake anatamani kutoka nje.

Halafu kwaya ya mji ule ikaimba "Bonde Linaitika".

Maneno ya Kiswahili waliyatafuna, lakini nota waliziimba kama zilivyoandikwa. Kule Nangara sauti ya pili ilikuwa na kinamama wanne, wawili wakiwa wamechoka na mmoja akiwa na mtoto mgongoni; mahali pale penye kuitika kwa mbali walikuwa daima wanaparuka, na Xaveria alizoea kupasikia kichwani mwake tu. Sasa alipasikia kwa masikio. Sauti zilitoka nyuma ya ukumbi, zikaja taratibu, zikamkuta hapo alipo. Alisahau vigelegele, akamsahau na yule bwana wa tai. Alilia waziwazi na wala hakujifuta.

Baada ya hapo walimpa medali, na kinanda kidogo cha kutumia betri au umeme, cha kubeba kwa mkono kama sanduku. Mkuu wa chama, mzee mwenye ndevu nyeupe, alimwambia jambo ambalo Sista Dorothea alilitafsiri mara mbili ili asikose kulielewa: akileta nyimbo nyingine tatu kabla ya Krismasi, watazichapa kitabu chenye jina lake, na mwaka unaofuata watamwita tena, na zitaimbwa zote.

"Tatu tu?" Xaveria aliuliza. Mbili zilikuwa tayari zinamzunguka kichwani.

*

Padri Anselmi alimpokea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kwa gari la misheni. Watu wa forodha walikikagua kinanda, padri akalipa ushuru, Xaveria akapewa stakabadhi yenye mhuri, akaitia kwenye mkoba wake wa shule. Nyumbani Nangara wanakwaya walimpokea kwa nyimbo tangu barabarani. Marseli alisimama mlangoni na Otilia begani, shati limepigwa pasi, anacheka peke yake.

Kila mwanakwaya alipata sabuni moja. Katarina, rafiki yake wa sauti ya pili, aliinusa ile yake, akafumba macho.

"Hii siogi nayo," alisema. "Naiweka katikati ya nguo zangu za kanisani. Nitakuwa nanukia Ulaya mpaka nizeeke."

Wiki zile zilikuwa nzuri. Kinanda kilikaa juu ya meza, kimefunikwa kitambaa, na Otilia aliruhusiwa kubonyeza kidude kimoja tu, kwa kidole kilichooshwa. Betri alizokuja nazo Xaveria alizibania. Mji mzima hapakuwa na nyingine. Alipika na kusahihisha madaftari ya watoto, kisha akakaa pale na karatasi zake, na Marseli alijifunza kupita kwa kunyata. Wimbo wa kwanza aliumaliza haraka mpaka akaogopa kuwa haukuwa mzuri, akaurudia, akaukuta mzuri. Akaanza wa pili.

Ndipo mwezi wa tatu ulipokuwa unaishia, msako ukaanza.

Redio ilisema walanguzi na wahujumu uchumi wasakwe nyumba kwa nyumba, na mji ukapatwa na homa. Watu waliokuwa na bati mbili za ziada walizigawa kwa ndugu. Mtu mmoja alimwaga debe la mafuta ya kupikia kwenye mtaro, wenzake wakasimama wanayatazama yanavyokwenda. Wavuvi wa ziwani walikuwa wanavuta nyavu wakapata mablanketi badala ya samaki. Na pale duka la ushirika alichukuliwa Romanus, mtunza ghala, mkubwa wake Marseli, mbele ya wateja. Nyumbani kwake palikutwa khanga, majora kwa majora.

Sabuni za Xaveria nazo zilikuwa zimeanza safari yao zenyewe midomoni mwa watu. Zilitoka kwa wanakwaya zikiwa vipande, zikafika sokoni zikiwa miche, na ziliporudi Nangara zilikuwa makatoni. Shaaban, jirani yao dereva wa lori, ndiye aliyezileta.

"Bwana Marseli," alisema pembeni ya ua, "mimi nakwambia kama ndugu. Huko mjini wanasema mkeo ameteremsha makatoni ya sabuni na mitambo ya muziki. Na wewe ni mtu wa duka. Wanaunganisha."

Siku hiyo Marseli hakula. Usingizi nao ulimkimbia, na asubuhi alimfuata mkewe jikoni.

"Mama Otilia, hicho kinanda kipeleke misheni."

"Misheni watakitumia wao. Mimi nitaandikia nini?"

"Kwa muda tu."

"Baba Otilia, kina stakabadhi. Hakikuibwa."

"Unafikiri wanauliza stakabadhi? Romanus alikuwa nazo kabati zima!"

"Romanus alikuwa na khanga za watu," alisema Xaveria. "Mimi nina kinanda changu."

Marseli akageuka akatoka, kwa sababu jozi ya khanga aliyovaa mkewe wakati ule, Xaveria hakujua, ilitoka kwa Romanus.

Jumamosi iliyofuata Xaveria alikwenda mazoezi ya kwaya. Aliporudi, mvua ikinyesha, meza ilikuwa tupu. Hata kitambaa hakikuwapo. Marseli alikuwa ameketi kitandani, miguu imelowa, anajikausha kwa kigunia.

"Kiko wapi?"

"Mahali salama."

"Wapi?"

"Usiniulize. Wakikuuliza, sema hujui, na itakuwa kweli."

Alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akamuuliza kwa machozi. Alitafuta uvunguni na darini, akaenda kwa Shaaban, akaenda mpaka misheni. Marseli, mtu ambaye miaka yote aliona afadhali akubali kuliko kubishana, safari hii alikuwa jiwe. Mvua ya masika ilinyesha mwezi ule bila huruma. Xaveria aliona kwamba kila ilipozidi Marseli aliacha alichokuwa anafanya na kutazama nje, kama mtu anayesikiliza mgonjwa akikohoa chumba cha pili. Hakuelewa.

Walikuja asubuhi moja baada ya Pasaka. Xaveria aliitwa kutoka darasani, akawakuta uani: afisa mmoja, askari wawili, na balozi wa nyumba kumi, Mzee Paskasi, ambaye hakutaka kumtazama usoni.

"Shikamoo, mzee," Xaveria alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akitazama chini. "Ni kazi tu."

Nyumba ilipekuliwa, na Marseli, waliyekuja naye kutoka dukani, ameketishwa kwenye kigoda. Palipatikana vipande vichache vya sabuni, medali, na debe la mahindi. Afisa, mtu wa makamo mwenye adabu, aliigeuza medali mkononi.

"Hii ndiyo ile ya Ulaya?"

"Ndiyo, afande. Na kinanda nilipewa. Hiki hapa kibali chake cha forodha." Akatoa stakabadhi mkobani na kuikabidhi, akijua kwamba sasa mambo yamekwisha.

Afisa aliisoma yote, mpaka mhuri. "Safi. Kinanda chenyewe kiko wapi?"

Xaveria alimtazama mumewe. Marseli alitazama ukuta.

"Sijui," alisema Xaveria.

"Hujui? Mali umeilipia ushuru juzi tu, leo hujui iko wapi? Umemuuzia nani, mwalimu?"

Mzee Paskasi akakohoa. Hapo Marseli akainuka, akachukua jembe nyuma ya mlango, akawatangulia shambani. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Alichimba bila kuinua kichwa, akavuta mfuko wa mbolea uliofungwa kwa katani, na ulipotoka maji yalichuruzika kutoka pembe zake zote. Ndani kulikuwa na kile kitambaa cha meza, na ndani ya kitambaa, kinanda. Vidude vyake vyeupe vilikuwa vimeota rangi ya kahawia. Afisa alikibonyeza kimoja kwa kidole. Kilishuka, hakikupanda tena, na tope likatoka pembeni yake.

Xaveria alisikia mtu anacheka, akakuta ni yeye.

"Mwalimu," afisa alisema, na alisikitika kweli, "hiki tusingekigusa. Habari zako nilizisikia mimi mwenyewe redioni. Tulikuja kwa sababu ya hayo makatoni ya sabuni yanayosemwa." Akamgeukia Marseli. Sauti ilibadilika. "Lakini wewe, karani. Mtu hafukii mali yake halali. Umefukia nini kingine?"

"Hakuna, afande."

"Romanus ni mkubwa wako, siyo?"

Walilichimba shamba lote. Kufikia adhuhuri hapakuwa na hindi lililosimama, wala hapakuwa na kitu chini yake. Marseli wakaondoka naye hivyohivyo. Kinanda nacho walikibeba, kikiwa kielelezo.

*

Miezi iliyofuata Xaveria aliitumia barabarani. Mwanzoni alipeleka chakula kituoni pale mjini, na hilo lilikuwa jepesi. Kisha Marseli akahamishiwa mahabusu ya Arusha. Basi lilikuwa linakwenda likipata mafuta, na likipata mafuta lilikuwa halina matairi. Alikuwa akiomba ruhusa shuleni, anamwacha Otilia kwa Katarina, analala kwenye kituo cha mabasi akiwa amelalia kapu la chakula. Mara nyingine anafika na kuambiwa leo si siku ya kuona watu.

Kwenye kwaya, Teodori, mwenyekiti, alisimama Jumapili moja baada ya misa akasema kwamba kwa sasa "Bonde Linaitika" lipumzishwe kidogo, mpaka hali itulie. Alisema kwa heshima. Hakuna aliyepinga. Kinamama kadhaa walikuwa wameshazitumbukiza sabuni zao chooni, na wengine wakikutana na Xaveria njiani walikumbuka ghafla jambo walilosahau nyumbani. Katarina peke yake aliendelea kuja, lakini hata yeye alikuja kwa mlango wa nyuma.

Padri Anselmi aliandika barua za kumtetea Marseli kwa kila ofisi aliyoijua. Kabla hajajibiwa aliugua, akarudishwa kwao, na hakurudi tena. Wimbo wa pili ulibaki pale ulipokatikia, katikati ya mstari, besi hazijaandikwa. Usiku mmoja mmoja Xaveria aliutoa akautazama. Nota zilikuwa zake na hakuweza kuzisikia. Alichosikia ni mfuko wa mbolea ukivutwa kutoka matopeni. Krismasi ikaja, ikapita.

Marseli aliachiwa mwanzoni mwa mwaka 1984. Hakufikishwa mahakamani hata siku moja. Waliita jina lake tu, wakamwambia aende nyumbani. Kazini kulikuwa na karani mwingine.

Xaveria alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo. Safari zote zile za Arusha alikuwa ameyapanga maneno, moja baada ya jingine, kama anavyopanga sauti. Angemwambia: uliniona kama mtoto. Angemwambia: hukuniuliza. Angemwambia: miaka yote umekuwa muoga, mimi nikiita upole. Yalikuwa maneno mazuri na ya kweli. Marseli akasimama mlangoni, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, meno mawili hayapo, anakohoa. Otilia alimtazama, akajificha nyuma ya mama yake.

"Nisamehe," alisema Marseli.

"Ingia ule," alisema Xaveria.

Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote. Angekuwa mume mbaya angemchukia akapumua. Angekuwa amefukia kinanda na mambo yakaishia hapo, wangegombana wakamaliza. Lakini alikuwa amelipa zaidi ya thamani ya kinanda, amelipa kwa mapafu yake, na kila Xaveria alipotaka kukasirika kikohozi kilimtangulia. Akawa mke mwema. Alimpikia uji, alimkandia mgongo. Kumsamehe, hakumsamehe, kumwambia hivyo, hakumwambia.

Alikwenda kituoni mara kadhaa kuulizia kielelezo. Wakamwambia kiko Arusha. Arusha wakamwambia hakijafika. Mara ya mwisho askari wa zamu alimuuliza, "Kinanda cha nini, mama?" na Xaveria akaona uchovu wa kueleza ni mkubwa kuliko kinanda chenyewe.

Padri mpya alimletea salamu kutoka kwa wale wa Italia: nyimbo vipi? Mzee wa ndevu nyeupe bado anaulizia. Xaveria alimwomba awajibu kwamba ana shughuli nyingi za shamba. Mwezi ule alikuwa anatimiza miaka thelathini.

Babati ilipofanywa wilaya, shule zilitakiwa kumpokea mgeni mkubwa atakayekuja kwenye sherehe. Mwalimu mkuu, Heriel, aliyehamia kutoka Upareni, alimwita ofisini kwake.

"Mwalimu Xaveria, nimeambiwa wewe ulipata tuzo ya utunzi huko Ulaya! Na umekaa kimya hivi? Basi tupe wimbo. Uwe mwepesi, jina la mgeni lisikike vizuri."

Aliuandika ubaoni kabla ya kengele ya pili. Ulikuwa na mistari minne, sauti moja, na mtoto yeyote angeuimba baada ya kuusikia mara moja. Siku ya sherehe mgeni alifurahi, akaomba urudiwe. Marseli, aliyekuwa sasa anauza mchele kwa vibaba pale sokoni, alisimama pembezoni mwa uwanja akapiga makofi mpaka akakohoa.

Mwaka uliofuata alikuja mgeni mwingine. Mwalimu Heriel aliona hakuna haja ya kumsumbua mtunzi. Walitoa jina la yule wakatia la huyu. Wakafanya hivyo kila mwaka. Otilia aliingia darasa la tatu akauimba, akaingia la saba bado anauimba, na siku moja alirudi nyumbani amechoka nao.

"Mama, kwa nini hututungii mwingine?"

Xaveria alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Huo unatosha," alisema.